Mkono wa Bahati

Jumatatu, 24 Februari

Kliniki ya wajawazito. Thelathini na wawili kabla ya saa sita. Mzani umekwama tena kwenye sitini na mbili. Kila mama leo ana kilo sitini na mbili. Nimeandika kwa kukadiria.

Mchana mdogo wangu Mabula amemleta binti yake Kabula kutoka Mkolani. Mimba ya kwanza, amebakiza wiki mbili au tatu. Mumewe anachomelea mageti huko mjini, amebaki kazini. Kwetu uzazi wa kwanza msichana hurudi kwa wazazi wake. Lakini Mabula hakumleta kwa ajili ya mila tu. Alisema mbele ya foleni nzima: "Hospitali za Mwanza nazijua. Binti yangu atazalishwa na shangazi yake, mwenye mkono wa bahati." Wanawake wakaitikia. Nikajifanya nimekasirika. Nilifurahi.

Kadi ya Kabula ya kliniki ya mjini imeandikwa kwa wino mwekundu: urefu sentimita 147, ajifungulie hospitali. Nimeisoma, nikaifunga. Mama yetu alikuwa mfupi kuliko huyu na alizaa tisa.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua tangu asubuhi. Wagonjwa watatu tu. Nimepata nafasi ya kukaa.

Hilo jina la mkono wa bahati lilianza miaka tisa iliyopita. Minza, mke wa mvuvi. Uchungu ulimchukua mvua ikiwa kama hii, mto ukavunja kivuko, gari la wagonjwa likakwama upande wa pili. Kwenye chati ya uchungu, ile karatasi tunayochora jinsi njia inavyofunguka saa hadi saa, mstari wake ulivuka pale tunapotakiwa kutoa rufaa. Ukaendelea kuvuka. Sikuwa na la kufanya. Nilimshika mkono, nikamgeuza ubavu, nikaomba. Jioni mtoto akatoka analia kwa nguvu. Wa kike. Akaitwa Regina, kama mimi.

Walileta jogoo na gunia la michembe. Vile viazi vikavu nilivila miezi mitatu. Kanisani nilisimamishwa mbele. Wilaya ikanipa cheti, nimekitundika juu ya kitanda.

Baada ya hapo gari likiwapo au lisipokuwapo, nilijifunza kusubiri kidogo. Mstari ukivuka, nasubiri. Mara saba nimesubiri. Mara saba mtoto amelia. Akina mama wanachukia kupelekwa wilayani, wanaogopa kisu. Ukiwazalisha hapa wanakushika miguu wakishukuru. "Wabeja, mayo." Asante, mama. Hilo neno ni tamu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita kwa Mabula. Kabula miguu imevimba kidogo, shinikizo la damu zuri. Mama yake, wifi yangu Ester, ameshonesha nguo sita za mtoto, zote za njano kwa sababu hajui ni wa kike au wa kiume.

Ester amenisimulia jambo kwa hasira. Juzi kwenye mashine ya kusaga, Bibi Holo alimwekea Kabula mkono tumboni bila kuomba, akasema: "Huyu mtoto ni mkubwa kuliko mlango wake. Mpelekeni mjini." Bibi Holo ni jirani yao, mjane, alikuwa mkunga wa jadi kabla zahanati haijajengwa. Mikono yake imepokea nusu ya kijiji hiki, mimi pia.

Nilicheka. Nikasema wazee wana wivu na sisi tuliosoma. Ester akatulia. Kabula hakucheka. Aliniuliza: "Shangazi, kwani kadi imesemaje?"

Nikamwambia kadi zimeandikwa kwa ajili ya wasiokuwa na shangazi.

Sentensi hiyo ilinipendeza mpaka nimekuja nayo nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Nimegombana na Magesa. Ndiye mganga mfawidhi wetu, mtu wa Musoma, mwaka wa pili hapa. Mwoga wa makosa. Amekuta kadi ya Kabula kwenye faili na kuniuliza kwa nini binti wa sentimita 147 bado yupo kijijini. Nikasema atapelekwa uchungu ukianza. Akasema si ukianza, ni kabla. Nikasema ndiyo.

Kesho anakwenda Misungwi kwenye kikao cha chanjo. Alinikumbusha mara ya pili akiwa anafunga dirisha la dawa. Namheshimu, lakini hajawahi kuimbiwa kanisani huyu.

Alhamisi, 13 Machi

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike, nisipoandika nitaanza kusahau kwa namna inayonifaa.

Kabula aliletwa jana saa moja asubuhi kwa pikipiki, mama yake nyuma. Njia sentimita nne. Nilipaswa kupiga simu ya gari hapo hapo. Mvua hakuna, barabara kavu, gari lilikuwa limeegeshwa hospitali ya wilaya, mwendo wa dakika hamsini. Sikupiga. Nilijiambia tuone.

Saa tano, sentimita sita. Aliuma kanga, hakulia. Mhudumu wetu Mama Shija alimpaka maji usoni. Mama Shija yuko nami tangu siku ya Minza. Kila nilichofanya alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa na yeye ameona.

Saa sita Magesa akapiga simu kutoka kikaoni. "Yule binti ameshakwenda?" Nikajibu anaendelea vizuri. Sikusema amekwenda, sikusema hajakwenda.

Saa nane, sentimita saba. Mstari ukavuka. Mapigo ya moyo wa mtoto mazuri.

Saa kumi niliona hali imebadilika. Mapigo yanashuka, yanachelewa kupanda. Kichwa hakijasogea. Nikapiga simu. Gari lilifika kumi na moja kasoro dakika chache. Nilipanda naye. Njia nzima Kabula alinishika kifundo cha mkono, akisema, "Shangazi usiniache." Walimpasua saa kumi na mbili. Mtoto wa kiume, kilo tatu na gramu mia tisa. Hakulia. Walimtia hewa kwa mpira. Akapumua, lakini kama mtu anayepumua kwa ajili ya wengine.

Leo saa nne asubuhi amefariki.

Mabula alikuwa mlangoni mwa wodi. Nilidhani atanipiga. Alinikumbatia. Akasema: "Dada, umejitahidi. Bila mkono wako tungempoteza na mama."

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 15 Machi

Mazishi nyuma ya nyumba ya Mabula, karibu na majaruba ya mpunga. Jeneza la ukubwa wa sanduku la soda. Katekista alisoma kwa haraka kwa sababu ya mawingu. Mkwe wetu alifika kutoka Mkolani akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi. Hakuuliza chochote.

Kabula bado wodini. Hajamwona mwanawe akizikwa.

Wanawake walinipa kiti cha mbele. Nilikaa.

Jumatano, 19 Machi

Kifo cha mtoto lazima kiandikiwe taarifa. Magesa aliweka chati ya uchungu mezani, akaniwekea kalamu, akatoka nje kunipa faragha. Hakupaza sauti hata mara moja. Nilitamani apaze.

Kwenye kipengele cha muda dalili ya hatari ilipoonekana, nimeandika saa kumi. Muda wa kuita gari, saa kumi na dakika tano. Ukisoma hivyo, nesi amechelewa kutoa rufaa, lakini alipoona hatari aliitikia ndani ya dakika tano. Ni kosa la kukadiria. Linasameheka.

Mama Shija ameweka dole gumba chini ya maelezo yangu kama shahidi. Hakusoma. Hajui kusoma vizuri, na aliniamini.

Jumapili, 23 Machi

Kabula ameruhusiwa juzi, yupo kwao. Nilikwenda baada ya misa. Amelala ameelekea ukutani, mgongo kwangu. Maziwa yamejaa, yanavuja, nguo imelowa kifuani. Nilimwambia ajifunge kanga kwa kubana, yatakauka. Nikamwambia tena kama vile hakusikia.

Nje kwenye ua nilikuta maneno yamebadilika. Hakuna anayesema chati. Hakuna anayesema rufaa. Wanasema: mkono wa Regina haujawahi kukosa. Kama leo umekosa, kuna aliyeufunga. Na nani aligusa tumbo pale mashineni bila kuombwa? Nani alitamka kwamba mtoto hatapita?

Bibi Holo.

Nilisema hayo ni mambo ya ovyo. Baba mdogo wetu akanitazama kwa huruma, akasema mwenye kurogwa hawezi kujua.

Mabula ana mganga wake ng'ambo ya ghuba. Zamani ng'ombe wake walikuwa wanakufa wawili watatu kwa mwezi. Alikwenda kwa yule mtu, akarudi na dawa ya kuchoma zizini, na vifo vikakoma. Mwezi ule ule bwana mifugo alikuwa amepita kuwachanja ng'ombe wa kijiji kizima. Nilimkumbusha hilo. Alinijibu: "Dada, chanjo walipata wote. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mganga, na wangu ndio waliopona." Wa wengine walipona pia. Hawahesabu.

Kesho atavuka.

Nilitaka kumcheka. Kisha nikakumbuka mara zangu saba.

Jumanne, 25 Machi

Mabula amerudi. Hasemi alichoambiwa, lakini hahitaji kusema. Mchana watu walirusha mawe kwenye bati la Bibi Holo. Alikuwa ndani, anachambua maharage. Jiwe moja limevunja mtungi.

Nilikwenda kwake saa kumi jioni na bendeji, kwa kuwa kipande cha mtungi kilimkata mguu. Shikamoo. Marahaba. Alininyooshea mguu kama mtoto. Nilisafisha. Kidonda kidogo tu. Alisema hana hofu ya kufa, ana hofu ya kufa kwa kupigwa, inachukua muda mrefu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi.

Halafu akaniuliza: "Nilisema ukweli au sikusema?"

Nikamwambia, "Ulisema ukweli, bibi."

"Sasa nani atawaambia?"

Nilifunga bendeji mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji amlinde Bibi Holo. Amesema atatuma mgambo wawili. Ametuma mmoja, naye ni mpwa wetu, mtu wa Mabula.

Sijala.

Alhamisi, 27 Machi

Nimesema.

Kikao cha ukoo kilikuwa saa nne kwa Mabula, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Nilimwomba Magesa aje nami. Hakuuliza sababu. Alivaa shati la mikono mirefu na akabeba nakala ya chati kwenye bahasha.

Nilisimama. Nilisema: Bibi Holo hakufanya kitu. Mtoto alikufa kwa sababu mimi sikuita gari. Barabara ilikuwa kavu na gari lilikuwapo. Kadi ya Kabula ilisema apelekwe hospitali na mimi niliifunga.

Hawakuniamini.

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema: "Regina, una moyo mzuri. Unajibebesha mzigo ili kumwokoa bibi yule." Mabula akasema huyo ndiye dada yake, tangu utoto alikuwa akipokea viboko vya wengine. Wakataja Minza. Wakataja wa mwaka juzi, wa mwaka jana, mapacha wa mwenye duka. Walihesabu kwa vidole watoto niliowatoa, mmoja mmoja, kwa majina. Kila jina lilinipiga. Ushahidi wangu wote wa miaka tisa ulisimama kunipinga.

Magesa akafungua bahasha. Akaweka chati chini kwenye mkeka, akawaonyesha mstari unaotakiwa, na mstari wa Kabula ukiuvuka na kuondoka zake. Wanaume waliinama kutazama kama watu wanaotazama ramani ya nchi nyingine. Ester ndiye aliyeelewa. Amesoma mpaka darasa la saba na hesabu alikuwa anaziweza. Aliweka kidole kwenye saa nane, akakisogeza mpaka saa kumi. Akaniuliza, bila kuniita wifi:

"Hapa katikati ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Iwe kama kawaida."

Akainuka, akaingia ndani kwa binti yake, akafunga mlango.

Mabula hakuniangalia tena. Akawaambia watu waende nyumbani. Nilipokuwa natoka alisema taratibu, kama anajisemea: "Mimi ndiye niliyemleta."

Jumatano, 2 Aprili

Bibi Holo ameondoka. Binti yake alikuja kumchukua, anaishi Usagara. Mawe yalikoma lakini bibi alisema usingizi wake umeshaharibika katika nyumba ile. Alipita zahanati kuniaga. Hakunishukuru, na ni haki yake.

Barua imetoka wilayani: nisiingie leba mpaka kamati ikae. Nipo dirisha la kadi na chanjo. Magesa anazalisha na nesi wa kuazimwa. Wanatoa rufaa mapema kwa kila mwenye shaka.

Leo mchana mama mmoja mjamzito alikuja nyumbani kwangu kwa mlango wa uani, na mama mkwe wake. Wamesikia kila kitu. Bado wanataka nimzalishe, hapa hapa chumbani kwangu, kwa siri. Mama mkwe alisema: "Hata fundi mzuri siku moja hupinda msumari. Wewe ndiye uliyenizalishia wajukuu wanne, wa mtoto wangu mwingine." Niliwakatalia. Walisisitiza. Niliwafokea mpaka jirani akachungulia.

Walipoondoka nilikaa chini. Kwa nukta chache nilikuwa nimefikiria kukubali. Mikono ilishataka.

Alhamisi, 10 Aprili

Kabula amerudi Mkolani kwa mumewe. Alipita barabara ya zahanati nyuma ya pikipiki, saa tatu. Nilikuwa dirishani. Aliniona. Hakugeuza uso kwa hasira, aliugeuza kama unavyogeuza uso jua likikupiga.

Nimeteremsha cheti ukutani. Nilitaka kukichana, nikaona ni maigizo. Nimekiweka chini ya godoro.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba tangu kanisani mpaka ufukweni. Sikumaliza. Kwenye kituo cha saba nilikaa kwenye jabali, nikawaacha wapite. Ziwa lilikuwa shwari, rangi ya bati kuukuu. Wanawake walikuwa wameanika dagaa, na leo hakuna aliyekuwa akiwafukuza ndege.

Kuna kitu sijaandika popote. Hata humu niliandika uongo, na humu hakuna anayesoma ila mimi.

Haikuwa saa kumi. Ilikuwa saa nane.

Saa nane maji ya Kabula yalitoka yakiwa ya kijani. Mtoto akichoka tumboni anachafua maji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Niliweka kipembe cha kusikilizia, moyo ukapiga, ukalegea, ukapiga. Nilihesabu mara moja, nikaona ni chini. Nilihesabu tena polepole zaidi mpaka nikapata namba ninayoitaka. Nikaandika hiyo. Nilimwambia Mama Shija aondoe shuka haraka, Ester asije akaliona.

Kwa hiyo sikukosea kukadiria. Nilijua. Nilijua kwa saa mbili.

Nimejiuliza siku nyingi kwa nini. Jibu ni la aibu kwa udogo wake. Nilikuwa tayari naona Mabula akicheza uani. Nilikuwa nimeshasikia vigelegele. Mara saba maji machafu au mstari mbaya viliishia kwenye vigelegele, na mwili wangu ulikuwa umeshafika huko, unasubiri watu wengine wafike. Kuita gari kungekuwa kukiri kwamba leo hakuna sherehe. Sikumwona Kabula pale kitandani. Nilimwona Minza.

Na Minza mwenyewe sikumsaidia kwa lolote. Hilo nimelielewa leo juu ya jiwe. Mto ulijaa, nikakosa la kufanya, mtoto akapona kwa uwezo wake. Wakaniletea jogoo kwa jambo ambalo sikulifanya, na mimi nikalipokea, na kwa miaka tisa nikaendelea kulifanya.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwambia Magesa kuhusu saa nane. Alikuwa anamenya chungwa. Aliliweka chini. Akasema itabidi taarifa iandikwe upya na mambo yanaweza kuwa makubwa. Nikasema niandike sasa. Akanipa karatasi. Mama Shija nimemwomba radhi kwa lile dole gumba. Alilia, kisha akanikasirikia, kwa sababu sasa naye anajua alichokiondoa kwenye shuka.

Alijua tangu siku ile. Sote wawili tulijua.

Jumatatu, 28 Aprili

Kamati imekaa Misungwi. Watu watano, meza ndefu, maji ya chupa. Waliuliza, nikajibu. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliuliza mara ngapi nimewahi kuvuka mstari kabla ya hapo. Nikasema saba. Akauliza mbona hakuna taarifa hata moja. Nikasema kwa kuwa wote walipona. Aliandika jibu hilo kwa makini sana.

Nimeondolewa kwenye uzalishaji. Leseni yangu itajadiliwa ngazi ya juu. Wakati nasubiri nimehamishiwa kituo kimoja Buhongwa, upande wa kupima uzito watoto. Mabula hakuja kusaidia kupakia vyombo. Nilipakia na Magesa. Kitanda, masufuria mawili, sanduku. Alifunga kamba vizuri kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa ofisini.

Ijumaa, 2 Mei

Buhongwa kuna kelele. Malori ya Shinyanga yanapita usiku na mchana. Nimepanga chumba na uzio wa bati.

Kazini hakuna anayenijua. Natundika watoto kwenye mzani, wanalia, nasoma namba, naandika. Leo kinamama walikuwa wanakataa dirisha la kwanza na kujazana kwa nesi wa dirisha la pili. Nikamuuliza mmoja kwa nini. Akasema sindano za yule haziumi, mara ya mwisho mtoto wake hakulia. Nikatazama. Wote wawili wanachoma vile vile.

Nimempigia Mabula. Hapokei. Nimempigia Ester. Alipokea, akaniambia wote wazima, mpunga umeanza kuinamisha vichwa, akakata.

Jumanne, 6 Mei

Kabula amepiga simu.

Saa kumi na moja jioni, nimetoka kazini, bado nimevaa viatu vyeupe. Sikuijua namba. Alisema, "Shikamoo shangazi," nikaitikia marahaba.

Yupo kwake Mkolani, si mbali, ningeweza kwenda kwa miguu. Alisema kidonda kimefunga. Alisema mama yake alimweleza habari za karatasi, na kwamba kwenye ile karatasi ya Magesa hatari iliandikwa saa kumi.

"Shangazi, nataka kujua kitu kimoja. Ulijua saa ngapi?"

Nikasema saa nane.

Nilisikia mashine ya kuchomelea nyuma yake, ile sauti ya kama kitambaa kinachochanika. Nikasikia inakoma.

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimeyapanga tangu Pasaka. Sikuyasema. Yangemtaka anijibu.

"Saa nane nilikuuliza kama ni kawaida," alisema. "Ukaniambia ndiyo."

"Nilikuambia ndiyo."

"Haya."

Halafu akasema wanataka kusubiri mwaka mmoja na nusu kama daktari alivyowaambia, na akishika mimba ataanza kliniki mapema, hospitali kubwa. Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Akasema, "Nilitaka tu kujua saa." Akakata.

Nimevua viatu. Mwenye nyumba alikuwa anafagia ua, akaniuliza kama maji yametoka leo. Nikamwambia yalitoka asubuhi. Nimeingia ndani, nikabandika sufuria ya chai, nikakaa. Baada ya muda mrefu nikagundua sikuwasha jiko.

Nimewasha.